Kubuni kitanda cha futi tano kwa sita kinachofunguka na kuingia katika maboksi mawili

Kitanda cha futi tano kwa sita kilichokwisha kuunganishwa, hata bila ubao wa kichwani, huchukua nafasi ya karibu mita 1 ya ujazo ndani ya gari, ilhali mbao zake zote, zikipimwa kipande kwa kipande, hazizidi mita 0.09 za ujazo. Nafasi iliyobaki ni hewa iliyo juu na chini ya chaga, na mteja wa Mwanza au wa Unguja huilipia hewa hiyo kama anavyolipia mbao. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya fundi ambaye tayari anajua kuranda, kukata na kupiga msasa, na sasa anataka kitanda chake kisafiri kikiwa vipande, kifike bila mkwaruzo, na kiunganishwe na mteja mwenyewe bila kumwita fundi mwingine.

Hatua ya kwanza: Amua ukubwa wa boksi kabla ya kuchora kitanda

Mafundi wengi huchora kitanda kwanza, kisha hutafuta namna ya kukikata ili kiingie kwenye gari. Utaratibu unaofaa ni kinyume chake, kwa sababu kipande kirefu kuliko vyote ndicho kinachoamua urefu wa mzigo, na urefu wa mzigo ndio unaoamua utasafiri kwa njia gani. Fuatilia safari nzima hadi mlangoni mwa mteja. Basi la mikoani linaweza kupokea fungu jembamba la mbao zenye urefu wa mita 1.9 katika buti lake bila shida, na kirikuu, yaani gari dogo la mizigo, pia huweza. Ikiwa safari inaishia hapo, usiikate mifumbati, yaani mbao ndefu za ubavuni, kwa maana kila kiungo unachoongeza ni gharama ya vyuma, ni kazi ya ziada, na ni mahali papya panapoweza kulegea. Lakini ikiwa sehemu ya mwisho ya safari ni bodaboda, au ni ngazi nyembamba za nyumba ya Mji Mkongwe, au ni ghorofa ambayo lifti yake haipokei kitu kirefu, basi mifumbati haina budi kugawanywa. Mfano wa hapa ni huo wa pili, kwa sababu ndio mgumu zaidi. Mwenye kuumudu hatashindwa na ule wa kwanza.

Ni vyema pia kujua jinsi msafirishaji anavyohesabu. Katika mizigo ya ndege, urefu, upana na kimo katika sentimita huzidishwa, kisha jibu hugawanywa kwa 6000 ili kupata kilo za ujazo. Kampuni nyingi za vifurushi vya haraka hugawanya kwa 5000. Kilo hizo hulinganishwa na uzito halisi wa mizani, na mteja hutozwa zile zilizo kubwa. Kitanda chetu kikiwa kimeunganishwa kingehesabiwa kuwa na takriban kilo 167, ingawa uzito wake wa kweli, kikiwa cha mbao za paini, hauzidi sana kilo 45. Kikiwa ndani ya maboksi mawili yanayoelezwa hapa chini, kilo za ujazo hushuka hadi 23 hivi, na kuanzia hapo mteja hulipia uzito halisi. Kwa hiyo, baada ya kufika kiwango hicho, kujitesa kubana boksi kwa sentimita mbili zaidi hakupunguzi nauli ya ndege hata kidogo. Kinachopunguza ni kutumia mbao nyepesi. Kwa meli hesabu ni nyingine: mita moja ya ujazo hulinganishwa na tani moja, na kwa kuwa samani ni nyepesi, ujazo ndio hutozwa karibu siku zote.

Fikra hii si ngeni. Kiti namba 14 cha Michael Thonet, kilichoanza kutengenezwa mwaka 1859, kilikuwa na vipande sita tu vya mbao vilivyofungwa kwa skrubu na nati, na viti 36 vilivyofunguliwa viliingia katika kasha moja la mita moja ya ujazo.

Hatua ya pili: Gawanya fremu

Godoro la futi tano kwa sita lina sentimita 152 kwa 183. Acha nafasi ya sentimita moja kila upande, ili fremu iwe na 154 kwa 185 kwa ndani. Vipande ni hivi:

- nusu mifumbati minne, kila kimoja sentimita 92.5 × 15 × 3;
- nusu vitakizo vinne (mbao za kichwani na miguuni), kila kimoja 77 × 15 × 3;
- boriti ya kati katika vipande viwili vya 89.5 × 9 × 5, inayopita kutoka kichwani hadi miguuni;
- chaga 24 fupi, kila moja 76 × 9 × 2;
- matendegu (miguu) manne ya pembeni, 7 × 7, yenye urefu wa sentimita 30, na mafupi matano ya kusimama chini ya viungo vya katikati na chini ya boriti;
- viraka vinne vya mbao ngumu, mninga au mkongo, vyenye kimo cha sentimita 10 na unene wa 3, kwa ajili ya kuunganisha nusu na nusu.

Chaga hizo hukaa katika safu 12, na pengo kati ya safu na safu ni kama sentimita 7. Usizidishe pengo hilo, kwa sababu godoro la sponji huanza kuzama katikati ya chaga zilizoachana, na mteja hulilaumu godoro.

Hatua ya tatu: Viungo

Hapa ndipo kitanda cha kufunguka hufaulu au hushindwa. Skrubu iliyopigwa kwenye ncha ya ubao, ikifuata mkondo wa nyuzi, hukamata vibaya tangu mwanzo, na ikifunguliwa na kurudishwa mara mbili huzunguka bure. Msumari hauna hata nafasi ya kuzungumziwa. Tumia boliti ya milimita 8 pamoja na nati ya mviringo, ile inayolala ndani ya mbao na yenye tundu la uzi ubavuni mwake, ambayo hupatikana kwenye maduka ya hadweya ya Gerezani na Kariakoo. Boliti hupita katika tendegu, huingia kwenye ncha ya mfumbati, na hukamata nati iliyozamishwa kutoka upande wa ndani, sentimita 5 kutoka kwenye ncha. Chuma hukaza chuma, na mbao hubanwa tu. Ndiyo sababu kiungo hiki huvumilia kufunguliwa kila mteja anapohama nyumba. Kwa tendegu la sentimita 7, boliti ya milimita 120 hadi 130 inatosha.

Kila tendegu la pembeni hupokea boliti kutoka pande mbili, za mfumbati na za kitakizo, na zikiwa katika kimo kimoja zitagongana ndani ya mbao. Zipishe: kwa mfumbati, toboa katika sentimita 4 na 11 kutoka juu, kwa kitakizo, katika sentimita 6 na 13. Kati ya matundu mawili ya mfumbati weka chango cha mbao cha milimita 10, kilichogundishwa kwenye mfumbati pekee, ili mteja apate mahali pa kuegesha kipande kabla hajashika boliti. Mtu anayeunganisha kitanda peke yake chumbani hana mkono wa tatu.

Katikati ya mfumbati, nusu mbili hukutana ncha kwa ncha na kushikwa na kiraka upande wa ndani kwa boliti nne, mbili kila nusu, zikiwa angalau sentimita 5 kutoka kwenye maungio. Chini ya kila kiungo cha namna hii ni lazima pawe na tendegu. Wapo wanaoliondoa ili kitanda kionekane chepesi kwa chini. Hilo halifai, kwa kuwa mtu mzima hukaa ukingoni mwa kitanda mahali hapo hapo anapovaa viatu. Ncha za boriti huketi juu ya vikalio vidogo vilivyogundishwa na kupigwa skrubu kwenye viraka vya vitakizo.

Mkanda wa kubebea chaga, wenye sentimita 2.5 kwa 2.5, gundisha na upige skrubu kwenye mfumbati kabisa karakanani. Uanze sentimita 8 kutoka kwenye ncha ili usizibe matundu ya nati, uishie pale kiraka kinapoanzia, na uso wake wa juu uwe sentimita 4.5 chini ya ukingo wa mfumbati. Kipimo hicho kina sababu mbili. Chaga ikishaketi, hubaki sentimita 2.5 za ukingo zinazozuia godoro kuteleza. Tena, kwa kuwa mkanda haupo katikati ya kimo cha ubao, mifumbati miwili ikilazwa ikitazamana, mmoja ukiwa juu chini, mikanda yao hupishana ubavu kwa ubavu na jozi nzima huwa na unene wa sentimita 8.5 badala ya 11.

Hatua ya nne: Jigi

Kitanda cha kuunganishwa nyumbani hakikubali tundu la kukadiria kwa macho. Tengeneza jigi, yaani kiolezo cha kuongozea drili, ya mbao ngumu au ya chuma yenye vituo viwili, kimoja cha ncha na kimoja cha juu, na uitumie kwa kila ubao bila kupima tena kwa tepu. Hakikisha kwa guni kwamba drili inaingia wima. Tundu la kupitishia boliti liwe milimita 9, si 8, kwa sababu itakayofafanuliwa sasa hivi.

Hatua ya tano: Ukavu wa mbao

Paini nyingi za Mufindi hufika mjini zikiwa hazijakauka vya kutosha. Zipange kivulini kwa vijiti vya kutenganisha hadi kipima unyevu kioneshe chini ya asilimia 14. Mbao iliyotulia katika hewa nzito ya pwani itaendelea kupoteza maji ikifika Dodoma, na ubao wenye upana wa sentimita 15 unaweza kupungua milimita moja hadi mbili katika upana wake, ingawa urefu haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Ile milimita moja ya ziada katika tundu huipa mbao nafasi ya kusogea bila kupasuka. Mbao mbichi iliyofungwa ndani ya nailoni ina balaa lake: maji hayana pa kutokea, na mteja hufungua boksi akakuta ukungu na madoa ya bluu.

Hatua ya sita: Kupanga na kufunga

Boksi la kwanza lina vipimo vya nje vya sentimita 96 × 32 × 23. Chini kabisa laza jozi mbili za mifumbati, sandarusi nyembamba ikiwa kati ya nyuso zilizopakwa vanishi. Juu yake vipande vya boriti pamoja na viraka vya mifumbati. Juu kabisa matendegu, yakiwa yamelazwa kukingama upana. Boksi la pili ni 80 × 32 × 26. Chaga zimepigwa pini kwenye mikanda miwili ya kitambaa, sita sita, hivyo hujikunja kama feni na kufunguka zikiwa na mapengo yake tayari. Mafungu manne hayo huchukua upana wa sentimita 18, na vitakizo vilivyosimamishwa wima huchukua 12 zilizobaki. Juu ya vitakizo hubaki nafasi ya viraka vyao na ya mfuko wa boliti. Mfuko huo ushonewe au ufungwe kwenye chaga. Ukiachwa huru, utatoboa karatasi ya boksi kabla basi halijafika Morogoro.

Tumia boksi la tabaka tano, ziba kila nafasi tupu, na uweke pembe za karatasi ngumu mahali ambapo mikanda ya plastiki itabana. Kila boksi litakuwa na kilo 20 hadi 25, uzito ambao mtu mmoja anaweza kuubeba ngazini. Andika 1/2 na 2/2 pande zote nne, kwa kuwa maboksi hutenganishwa njiani. Ukipeleka nje ya nchi na ukataka kreti ya mbao, kumbuka kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungashia, ISPM 15: mbao za kufungashia zenye unene unaozidi milimita 6 hupashwa joto hadi kiini kifike nyuzi 56 kwa dakika 30, kisha hupigwa mhuri. Kreti ya plaiwudi haidaiwi mhuri huo, na kwa karakana ndogo ndiyo nafuu.

Liangushe boksi moja la majaribio kutoka kimo cha kiuno, kwanza kwa pembe, kisha kwa kingo, kisha kwa uso, halafu ulifungue. Pembe iliyobonyea ndani inaonesha wapi pa kuongeza karatasi.

Hatua ya saba: Karatasi ya maelekezo

Nusu ya mbele ya mfumbati wa kushoto ni pacha wa nusu ya nyuma ya mfumbati wa kulia, kwa hiyo herufi mbili, A na B, zinatosha kwa vipande vyote vinne. Zigonge kwa muhuri upande wa ndani, karibu na tundu la nati. Chora michoro mikubwa yenye maneno machache, na umpe mtu asiye fundi akiunganishe kitanda mbele yako huku wewe ukiwa kimya. Pale atakaposimama na kuigeuza karatasi ndipo mchoro unapohitaji kurekebishwa. Weka ndani spana ya pembe sita, boliti mbili za akiba na nati zake. Elekeza kwamba boliti zote ziingizwe kwa vidole kwanza na zikazwe tu baada ya fremu nzima kusimama sakafuni, na kwamba zikazwe tena baada ya wiki mbili, mbao ikishazoea hewa ya chumba.