Safari ya hifadhi ya kisiwani, acha siku za akiba

Jamani kama unapanga kwenda hifadhi ya taifa iliyo kwenye kisiwa cha mbali huko kwenye joto, usikate tiketi ya ndege ya kurudi siku ileile boti inapotoka kisiwani. Acha siku moja katikati, mbili ndo poa zaidi, maana bahari ikichafuka nahodha haondoki na hapo hata ulalamike vipi utalala hukohuko. Isla del Coco ya Costa Rica kwa mfano iko kama kilomita 550 kutoka pwani, boti inatumia kama masaa 36, na wageni hawalali nchi kavu, mnalala kwenye boti. Kwa hiyo dawa ya kichefuchefu meza kabla ya kupanda, ukisubiri mpaka uanze kutapika ushachelewa.

Maji ya kunywa ulizia mapema. Dry Tortugas ya Marekani hakuna kabisa, unabeba yako yote na takataka unarudi nazo.

Jua nalo, vaa shati la kuogelea la mikono mirefu badala ya kujipaka losheni ya kukinga jua mwili mzima, zile zenye oksibenzoni (kemikali ya kuzuia miale ya jua) zinadhuru matumbawe na Palau, nchi ya visiwa huko Pasifiki, wamezipiga marufuku tangu 2020. Halafu viatu visugue udongo na mbegu zote kabla hujapanda boti, tafadhali sana, kwenye visiwa vingi vya namna hii kuna mimea na ndege ambao hawapo kwingine kokote duniani na gugu moja geni likishika mizizi kulitoa ni kazi ya miaka.