Jinsi ya kufundisha historia na uraia kwa simu na kompyuta, mwanafunzi ashike ushahidi mwenyewe

Walimu wenzangu, kila nikiona shule imepata projekta au laptopu chache najua kitakachofuata, mwalimu anahamisha notisi zake za ubaoni anazipeleka kwenye slaidi, taa zinazimwa, wanafunzi wanakopi. Nimefundisha hivyo muda mrefu kwa hiyo simsemi mtu. Lakini ukijiuliza hapo teknolojia imebadilisha nini, jibu ni hakuna, tena ubao ni bora maana umeme ukikatika wenyewe unabaki.

Kwa historia na uraia faida kubwa ya kompyuta ni hii, inamkutanisha mwanafunzi na ushahidi ambao zamani ulikuwa umefungiwa kwenye makavazi na maktaba za mbali. Anaiona picha yenyewe, anaisoma barua yenyewe, kumbukumbu za meli, katiba. Kwa hiyo mpango wangu wa kipindi ni swali moja na ushahidi mmoja au miwili, basi. Ukileta vitu kumi utaishia kuvionesha tu, hakuna atakayeviangalia.

Na swali linatangulia mashine. Kaa na karatasi kabla hujawasha chochote uandike swali ambalo mwanafunzi hawezi kulijibu bila kuutazama huo ushahidi. "Taja sababu tano za..." hilo sio swali la kuwashia kompyuta, majibu yake yapo kwenye kitabu. Nikupe mfano ninaoupenda kuliko yote.

Kuna picha ya Stalin, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, akitembea kando ya mfereji wa Moscow-Volga, ya mwaka 1937, utaipata kirahisi mtandaoni na iko katika matoleo mawili. Kwenye la kwanza pembeni yake yupo Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi wa siri. Kwenye la pili Yezhov hayupo, pale alipokuwa pana maji tu. Huyu jamaa alikamatwa 1939, akauawa 1940, afu akafutwa mpaka kwenye picha. Sasa usianze na maelezo. Weka lile toleo la pili kwenye skrini, usiseme neno, wape dakika tatu za kimya kila mmoja aandike vitu vitano anavyoviona. Wataandika makoti, buti, kofia, ukuta, maji. Ndo ulete toleo lenye Yezhov uliweke pembeni ya lile waliloliona. Hapo darasa zima linaongea kwa pamoja, waache waongee kidogo, afu waambie waikuze picha pale pale alipofutwa, waangalie yale maji na ukingo vimechorwaje kuziba nafasi ya mtu. Baada ya hapo uliza: nani alitaka watu waione hii isiyo na Yezhov, na kama ingebaki hii peke yake sisi leo tungejuaje? Kwa swali hilo la mwisho wanafunzi wanaelewa kwa nini mwanahistoria haridhiki na chanzo kimoja, na wewe hujatoa hotuba yoyote.

Usiishie kwa Stalin lakini. Waambie wachague picha moja waliyoforwadiwa wiki hii wailete darasani, afu wafundishe kutafuta asili yake kwa Google Lens au TinEye. TinEye ina kitu kizuri, unaweza kupanga majibu ili iliyoonekana zamani zaidi itokee juu, mwanafunzi anagundua picha "ya jana" ilishakuwepo mtandaoni miaka mingi na tukio lenyewe lilikuwa lingine kabisa.

Kuhusu kupima tovuti, tunawafundisha vibaya. Tunawaambia waangalie kama tovuti ina muonekano mzuri, kama ina ukurasa wa "kuhusu sisi", kama haina makosa ya tahajia, na hivyo vyote mdanganyifu anaviweza. Watafiti wawili wa Stanford, Sam Wineburg na Sarah McGrew, mwaka 2017 walilinganisha makundi matatu yakipima tovuti, wanahistoria wenye shahada za uzamivu, wanafunzi wa chuo, na wahakiki wa habari wa kazini. Waliofanya vizuri ni wahakiki, wanahistoria wengi nao walidanganyika kama wanafunzi! Siri ya wahakiki ni kwamba hawakukaa kwenye tovuti, walifungua vichupo (tab) vingine haraka wakatafuta wengine wanasema nini kuhusu wenye tovuti hiyo. Zoezi lake ni dogo: wape linki moja, dakika tano, marufuku kusoma tovuti yenyewe kwa zaidi ya nusu dakika, warudi na jibu la nani yuko nyuma yake na anafaidika na nini.

Wikipedia nayo msiwakataze, wafundisheni kuisoma. Wafungue kile kichupo cha historia ya makala waone nani alibadilisha nini na lini, afu ukurasa wa majadiliano waone watu wanabishania neno gani. Mwanafunzi anayejua lugha mbili asome vita moja katika lugha zote mbili, aandike kilichopo huku na kisichokuwepo kule.

Namba pia ni ushahidi. Tovuti ya SlaveVoyages ni ya bure na ina kumbukumbu za safari zaidi ya 36,000 za meli zilizobeba watumwa kuvuka Atlantiki. Kabla ya kuifungua waulize wanafunzi wabashiri, watumwa wengi waliovushwa walifikishwa wapi? Wengi watajibu Marekani. Waache waandike ubashiri wao, afu wafungue sehemu ya makadirio wasome wenyewe: waliopakiwa kwenye meli ni kama milioni 12.5, waliofika wakiwa hai kama milioni 10.7, na Brazil peke yake ilipokea karibu milioni 5 wakati waliopelekwa moja kwa moja kwenye bara la Amerika Kaskazini ni takriban 390,000. Waambie watoe 10.7 kwenye 12.5. Kaa kimya wakipata jibu. Ile milioni 1.8 ni watu waliokufa njiani, na mwanafunzi aliyeipata kwa kutoa mwenyewe haichukulii kama mwanafunzi aliyeisikia imetajwa na mwalimu. Afu wachague safari moja tu, wasome jina la meli, ilitoka wapi, ilipakia wangapi, ikashusha wangapi, waandike aya moja. Wakumbushe pia kuuliza rekodi hizi aliandika nani, kwa sababu nyingi ni za wafanyabiashara wenyewe, kwa hiyo hesabu ya mizigo ipo ila sauti za waliobebwa ni chache mno.

Kwa uraia anza na maandishi yenyewe. Tovuti ya Constitute ina katiba za karibu nchi zote duniani na unaweza kuzitafuta kwa mada, mfano haki ya kukamatwa kwa utaratibu, au ukomo wa rais, ukaziweka mbili bega kwa bega. Lipe kila kundi nchi mbili na swali moja, "rais akitaka kuongeza muda wake madarakani, ni nani anaweza kumzuia na kwa kifungu gani?" Lazima walete namba ya kifungu, bila kifungu jibu halipokelewi. Ukiwa na muda wape Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu, la tarehe 10 Desemba 1948, vifungu 30 tu, na kwa Kiswahili lipo. Nchi 48 ziliunga mkono, hakuna iliyopinga, 8 zilijizuia, zikiwemo Afrika Kusini, Saudi Arabia na Umoja wa Kisovieti. Wasome vifungu wabashiri kila moja ya hizo tatu iliogopa kifungu gani, ndipo waende kuhakiki.

Zoezi la kura ndilo linalowaingia zaidi. Tengeneza fomu ya Google yenye swali halisi la darasa lenu, machaguo matatu, zima kabisa kukusanya imeili ili kura iwe ya siri. Tuseme darasa la watu 40, A kapata 15, B 13, C 12. A ameshinda si ndiyo? Lakini watu 25 hawakumtaka. Waache wabishane, afu rudia kwa duru ya pili ya A na B tu, inawezekana kabisa wale 12 wa C wakaenda kwa B na mshindi akabadilika, watu wale wale, kilichobadilika ni kanuni. Afu uwaulize, fomu hii ameitengeneza nani, na mtajuaje mwalimu hajagusa matokeo? Rudieni kura ile kwa karatasi, zihesabiwe mbele ya wote, kila upande uwe na wakala wake. Mjadala wa kuamini au kutoamini mashine ya kura utazaliwa wenyewe. Angalizo moja nalishikilia sana: msikusanye maoni ya wanafunzi kuhusu vyama au viongozi yakiwa na majina yao, hata kama ni zoezi tu. Fomu inabaki mtandaoni, mtoto anakua.

Vifaa vichache? Simu moja kwa watu watatu inatosha na kiukweli ni bora kuliko kila mtu na yake, mmoja anashika, mmoja anaandika, wa tatu kazi yake ni kuuliza "tumejuaje?", kila dakika kumi mnabadilishana. Daunlodi kila kitu siku moja kabla, weka kwenye fleshi, piga skrinishoti za kurasa muhimu na uprinti angalau nakala mbili. Kuna siku nilitegemea wifi ya shule moja, ikagoma kipindi kizima, tangu hapo siingii darasani na linki peke yake. Apu ya Kiwix inakupa Wikipedia nzima bila intaneti, ukishaidaunlodi mara moja bando halihusiki tena.

Roboti za akili bandia kama ChatGPT wanafunzi wanazitumia tayari, ujue usijue. Shida yake kubwa kwenye somo letu ni kwamba zinaweza kubuni nukuu na vitabu ambavyo havipo, kwa lugha ya kujiamini. Wape jibu lake kuhusu tukio mlilokwisha kusoma vizuri, walisahihishe kwa kalamu nyekundu kama walimu, kila sentensi iwe na alama: imethibitika, haijathibitika, uongo.

La mwisho ni kurekodi wazee, na hapa simu ya kawaida inafanya kazi ambayo maktaba kubwa haiwezi. Mwanafunzi aombe ruhusa kwanza, amueleze mzee rekodi itatumika wapi na nani ataisikia, na ile ruhusa yenyewe irekodiwe mwanzoni pamoja na tarehe. Simu iwekwe kwenye hali ya ndege isije ikaita katikati. Swali liwe la wazi, "siku ile uliamkaje, ulikuwa unafanya nini?" linatoa mengi kuliko "je, maisha yalikuwa magumu?" ambalo jibu lake ni ndiyo. Mzee akinyamaza msimkimbilie na swali jingine, hesabu mpaka kumi kimoyomoyo, mara nyingi kitu chenyewe kinakuja baada ya ule ukimya. Akitaja mwaka msimbishie hapo hapo, andikeni, mkirudi darasani ndo mlinganishe na magazeti au nyaraka, na mkikuta tofauti hiyo ndiyo mada ya kipindi kijacho. Faili lipewe jina linaloeleweka, tarehe na mada, nakala mbili sehemu tofauti, lisirushwe kwenye grupu la WhatsApp. Na nakala moja arudishiwe mzee mwenyewe au watoto wake, kabla hamjaanza kuifanyia kazi.