Kipimo cha malaria kikisoma chanya, usifunge uchunguzi

Mtoto ana homa, mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) imesoma chanya, foleni nje ni ndefu. Hapo ndipo akili hung'ang'ania jibu la kwanza. Kipimo kinachotafuta protini ya HRP2, inayotolewa na vimelea vya malaria, huweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, na penye malaria nyingi watoto wengi hubeba vimelea bila kuugua. Homa inaweza kuwa na chanzo kingine kabisa.

Kabla ya kuandika dawa, hesabu pumzi dakika 1 nzima, mtoto akiwa ametulia. Zikifika 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, au 40 kwa wa miezi 12 hadi miaka 5, na ana kikohozi, fikiria nimonia. Kunja shingo taratibu uone kama imekakamaa. Uliza degedege, kutapika kila kitu, kushindwa kunyonya.

Kisha andika kwenye faili ugonjwa mwingine mmoja unaoweza kumuua, na dalili iliyokufanya uuondoe. Usiuache kichwani, mgonjwa anayefuata akiingia, umeshapotea.

Mgonjwa wa rufaa, chukua historia mwenyewe kabla ya kukubali utambuzi wa kwenye barua. Homa ikiwapo bado siku ya 3 ya ALu (dawa mseto ya malaria), anza uchunguzi upya. Usibadilishe dawa tu.