Fujifilm X: kuchagua kati ya lenzi ndogo za milimita 27 na 35

Mpwa wangu alikuja kwangu Mji wa Kale, Mombasa, na kamera ya Fujifilm X na pesa za lenzi moja tu isiyo na zumu. Moyo wake ulikuwa kwenye f/1.4, yaani lenzi yenye tundu pana la mwanga (namba ya f ikiwa ndogo, mwanga unaoingia ni mwingi). Nilimwambia pesa zikae mfukoni kwanza. Lenzi ya namna hii huchaguliwa kwa umbali kati yako na mtu unayempiga picha. Habari ya mwanga huja baadaye.

Hatua ya 1. Ndogo za kufikiria ni tatu: XF 27mm f/2.8 WR (WR ni kinga ya maji), gramu 84. XF 35mm f/2 WR, gramu 170. Na XF 35mm f/1.4 ya mwaka 2012, gramu 187, isiyo na kinga ya maji. XF 33mm f/1.4 ni nzuri mno, ila gramu 360 si ndogo tena.

Hatua ya 2. Chukua zumu uliyo nayo, iweke 27, funga pete kwa selotepu, piga picha siku tatu. Kisha 35, siku tatu nyingine.

Hapa nilipoteza jioni nzima nilipojaribu mara ya kwanza. Pete ya zumu yangu haikuandikwa 27, nikakadiria kwa jicho. Usiku nikazilinganisha picha, nyingine pana, nyingine zimebana, sielewi. Kufungua taarifa za picha, moja inasema 25, nyingine 31! Selotepu ililegea kwa jasho, pete ikateleza. Kwa hiyo piga moja ya majaribio, soma urefu wa lenzi (zile milimita) kwenye taarifa za picha, rekebisha, ndipo ufunge; na kila asubuhi hakikisha tena. Tumia f/4 kote, usije ukasifu nyuma ya mtu palivyofifia ukadhani ni kazi ya urefu wa lenzi. Wala usijaribie uwanjani unakoweza kurudi nyuma utakavyo. Jaribia pale mgongo wako unapogota ukutani.

Sisi tulikaa barazani, nyanya yake akimimina kahawa. Kwa 35 akalalamika: "Mjomba, ni ama dele ama uso, vyote haviingii." Kwa 27 viliingia vyote, dele, mkono, kikombe na macho yaliyoinama kukitazama. Ila alipomsogelea kupiga uso peke yake, pua ilikua. Kwa sura za watu 35 ni bora, sina shaka.

(Ukisoma habari za kamera zenye kihisi kikubwa cha picha (full frame), zidisha kwa 1.5: 27 ni kama 40 huko, 35 ni kama 52.)

Hatua ya 3. Mwanga: penye ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga; ikipanda, picha huwa na chengachenga) 6400 kwa f/2.8, f/2 inatosheka na 3200, f/1.4 na 1600.

Hatua ya 4. Ikiwa ni 35, chukua f/2. Ile ya f/1.4 husogeza vioo vyake vyote ikitafuta fokasi, hivyo hufokasi polepole kidogo na husikika kwenye video.

Hatua ya 5. Filta, kile kioo cha kufungwa mbele ya lenzi, ni ya milimita 39 kwa lenzi ya 27, 43 kwa 35 ya f/2, 52 kwa 35 ya f/1.4. Mpwa wangu alinunua ya 39.