Mkono uliopooza: namna ya kuurudisha kazini nyumbani

Mgonjwa wa kiharusi akitoka hospitali, huku kwetu Tanga anapokewa kama mwali. Analishwa, anavishwa, anafungwa vifungo vya shati, na ukiugusa mkono wake uliolegea unaambiwa mwache apumzike. Mimi nimesomea tiba kwa vitendo, yaani kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake za kila siku, na nusu ya kazi yangu ni kumwomba binti au mkwe akiweke kijiko mezani, akae, asubiri.

Seli za ubongo zilizokufa kwa kukosa damu hazifufuki. Zile zilizobaki jirani, na wakati mwingine hata za upande wa pili wa ubongo, zinaweza kuunda miunganiko mipya na kubeba sehemu ya kazi iliyopotea. Haziundi kwa kukandwa mafuta peke yake, zinaunda kwa kazi yenyewe kufanywa. Mwaka 1996 mtafiti Mmarekani Randolph Nudo na wenzake walionyesha jambo hili kwa kima wadogo wa Amerika Kusini, waliojeruhiwa kidogo eneo la ubongo linaloongoza mkono. Kwa waliozoezwa kuchokoa vipande vya chakula kwenye vishimo, eneo la mkono lililosalia halikupotea, na kwa baadhi yao lilitanuka hadi mahali palipokuwa pakiongoza kiwiko na bega. Kwa wale walioachwa bila mazoezi, eneo hilo lilizidi kusinyaa, hata pale pasipoguswa na jeraha.

Basi anza kwa kuchagua kazi ambayo mgonjwa mwenyewe anaionea uchungu kuikosa. Mzee mmoja wa Ngamiani aliukataa mpira wangu wa kubinya: "Mwanangu, mimi mtoto wa chekechea?" Nikamtaka radhi, siku ya pili tukateremsha bao lililokuwa juu ya kabati. Kuingiza vidole shimoni, kuzoa kete, kuziachia moja moja: ndilo zoezi lile lile la kima wa Nudo, ingawa hilo sikumwambia. Kwa mama mpishi, mpe ungo wa mchele achambue, au vitunguu saumu amenye. Akiweza kete kirahisi, sogeza kwenye njugu, kisha choroko. Kazi isiyomshinda hata kidogo haimfundishi kitu, na inayomshinda kabisa itamkatisha tamaa, kwa hiyo tafuta iliyo katikati.

Halafu hesabu. Watu wengi wanakosea hapa, hata sisi wenye mafunzo. Utafiti uliofanywa katika vituo vya Marekani na Kanada na kutolewa mwaka 2009 ulikuta kwamba katika kipindi kimoja cha tiba, mgonjwa aliutumia mkono kwa kazi halisi wastani wa mara 32 tu, wakati wanyama wa maabara walirudia kwa mamia kila siku. Bao la Kiswahili lina kete 64. Akizizoa zote na kuziachia moja moja, ameshapita wastani ule mara mbili, na chai haijapoa. Gawa vipindi vifupi asubuhi, mchana na jioni, na umwache alale vya kutosha, kwani usingizini ubongo huimarisha ulichojifunza. Uchovu wa kiharusi ni wa kweli, usiuite uvivu.

Kuna hatua ya kuuzuia mkono mzima ili ule mgonjwa ulazimike. Imetokana na mtafiti Mmarekani Edward Taub, aliyegundua kwamba kiungo kikishindwa mara nyingi, mnyama hujifunza kukiacha hata pale kinapoanza kupata nguvu. Katika jaribio kubwa la Marekani lililotangazwa mwaka 2006, wagonjwa walivaa glavu nene kwenye mkono mzima sehemu kubwa ya saa walizokuwa macho, kwa wiki mbili, na mafanikio yalionekana hata baada ya mwaka. Nyumbani mimi hutumia soksi nzito, wakati wa mazoezi tu, na kwa mtu anayeweza kuinua kiganja na kunyoosha vidole angalau kidogo. Asiyeweza, utamtesa bure. Ivue soksi anaposimama, anapotembea na anapokaribia jiko.

Bega nalo lina adabu yake. Usimwinue mgonjwa kwa kuvuta mkono uliopooza, maana misuli iliyolegea hailishikilii bega na unaweza kulitegua. Akikaa, weka mto chini ya mkono.

Kuhusu muda, siku ya kwanza waachie hospitali. Jaribio la kimataifa la mwaka 2015 lilionyesha kuwa kumtoa mtu kitandani mapema mno na mara nyingi mno ndani ya saa 24 hakumsaidii, kunaweza hata kumrudisha nyuma. Baada ya hapo miezi mitatu ya mwanzo ndiyo yenye mbio. Maneno ya mtaani kwamba baada ya miezi sita basi tena, siyakubali. Mwendo unapungua, haukatiki.

Mtoto ana habari nyingine. Ubongo wake hutengeneza miunganiko kupita kiasi kisha huipogoa isiyotumika, ndiyo maana jeraha la upande wa kushoto linaweza kuifanya lugha ihamie kulia. Ila usibweteke: baada ya malaria kali ya kichwani, mtoto anaweza kuonekana mzima, na kasoro ikajitokeza darasani miaka baadaye. Mpeleke akapimwe.

Dawa za presha zisikatishwe kwa sababu mkono umeanza kushika kikombe. Na siku uso ukipinda ghafla, ulimi ukiwa mzito, au mkono mwingine ukilegea, funikeni bao, mwahisheni hospitali, na mkumbuke saa ya mwisho alipoonekana mzima, kwa sababu daktari ataiuliza kabla ya mengine.