SOMO: Stika ya i7 isikudanganye, soma herufi ya mwisho

Juzi nimeletewa laptopu ya mtumba hapa Mwanjelwa. Mwenyewe kaacha i5 dukani, kachukua hii kwa ajili ya stika. Kuiwasha: prosesa (chipu inayoendesha kompyuta) ni i7-7500U, kore 2, yaani vichwa viwili vya kufanya kazi. Ile i5 aliyoiacha ilikuwa 8250U, kore 4, na zote ni prosesa za wati 15. Nikaona niandike.

Hatua ya 1. Pata jina kamili. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika dxdiag, soma mstari wa Processor. Stika achana nayo, inabandikika.

Hatua ya 2. Tazama herufi ya mwisho. U ni ya umeme kidogo, mara nyingi wati 15. H au HQ ni za kazi nzito, kawaida wati 45, na chaja yake utaijua kwa uzito tu. Ryzen, prosesa za AMD, nao ni hivyohivyo: 5500U, 5600H. Ila wengi hukosea hapa: wati hizo zinahusu prosesa ikiwa kazini, siyo inachokula kila dakika. Ukiwa unachapa barua, H nayo hutulia.

Halafu angalia kizazi, yaani toleo: 7500U ni cha 7, 8250U ni cha 8. Kwenye i5 na i7 za U, Intel walifikisha kore 4 kizazi cha 8, mwaka 2017, na Windows 11 rasmi inaanzia hapohapo. Chini ya hapo, bei iwe ya kutupa.

Hatua ya 3. Kazi yako ni ipi? Word, Excel, intaneti, mahesabu ya duka: U inatosha na kubaki. Kuhariri video za harusi au kuchora AutoCAD kutwa: H.

Hatua ya 4. Kabla ya kulipa, fungua cmd (dirisha la kuandikia amri), andika powercfg /batteryreport, kisha fungua ripoti itakayotoka. Linganisha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wa sasa. Ikiwa imebaki nusu, punguziwa bei au ondoka.

MASWALI YA WANACHAMA

Fundi, niko Tukuyu, baridi tupu. Si H itapoa yenyewe?
– Feni itapumzika kidogo, kweli. Betri haitapona: umeme ukikatika ukiwa katikati ya kazi nzito, H inaimaliza upesi. Na ukiingia ndani kwenye joto kutoka kwenye baridi, subiri kidogo kabla ya kuwasha, isije ikawa na umande ndani.

Shikamoo fundi. Prosesa ya Celeron N4020 je, kwa mtoto wa sekondari?
– Marahaba. Kore 2, wati 6. Kusoma notsi itaweza, ila akifungua kurasa nyingi atalia. Prosesa ya Intel N100 ina wati hizohizo 6 lakini kore 4. Ukiipata, chukua hiyo.

Mimi nina 8250U tayari na bado inakokota. Niuze ninunue H?
– Kaka, usiuze. Ramu (kumbukumbu ya kazi) ni GB ngapi? Diski ni ya kuzunguka?

Ramu 4, diski ya kuzunguka.
– Weka SSD, diski isiyozunguka, ramu ifike GB 8. Prosesa haina kosa.