Jinsi ya kuandika simulizi ya mapenzi inayouma mpaka watu wapate arosto ya sehemu inayofuata

Kuna watu wanashangaa kwa nini simulizi za mapenzi zenye machozi ndo zinasomwa kuliko zote, mtu kashinda Kariakoo kutwa nzima kachoka, anapanda mwendokasi ya Kimara kabanwa pale mlangoni na bado anasoma sehemu ya 37 huku kamasi zinamtoka. Mi sioni ajabu. Maumivu yako mwenyewe hujui yataisha lini, ya kwenye simulizi unajua kuna mtunzi anakupeleka mahali, kwahiyo unalia vizuri, ukimaliza unainuka unaenda kubandika wali.

Sasa ukitaka kuandika, hangaika kwanza na kizuizi, yani kile kinachowazuia hawa wawili kuwa pamoja. Kipime hivi: waache wapigiane simu dakika tano waambiane ukweli wote. Shida ikiisha hapo basi huna simulizi. Zile za kamkuta kakumbatiana na mwanamke kumbe dada yake zimetuchosha bana, siku hizi voisi moja tu inamaliza kesi. Tafuta kitu ambacho hata wakiongea mpaka adhana ya alfajiri bado kipo palepale, na huku kwetu havikosekani.

Chukua eda. Mjane wa Kiislamu anakaa miezi minne na siku kumi, na humo ndani kumposa waziwazi hairuhusiwi, mwanaume anaishia kudokeza tu. Haya, mtu wake wa zamani karudi kutoka Oman wiki ya pili ya eda, kaja kutoa pole, kakaa barazani na wazee, na kila anachosema lazima kiwe na maana mbili. We unataka nini tena hapo? Au talaka rejea, mume ana haki ya kumrejea mkewe kabla eda ya talaka haijaisha, msomaji atakuwa anahesabu siku na wewe. Kwa Wakristo kuna matangazo ya ndoa kanisani. Na hata serikalini, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa itolewe siku 21 kabla ya ndoa na mwenye sababu anaweza kuweka pingamizi, siku 21 za mtu kuamua aseme au anyamaze, hizo ni sehemu kumi za bure kabisa jamani.

Ila kwenye mahari kuwa makini, sheria hiyohiyo inasema ndoa ni halali hata kama mahari haijalipwa, kwahiyo usituandikie ndoa imebatilika sababu ya mahari. Kinachouma pale ni baba kusema "ukiolewa na huyo, msibani kwangu usije".

Na huyo baba mpe sababu ya maana. Wifi akiwa mbaya wa kila kitu msomaji anapata hasira, na hasira haimlizi mtu. Analia pale anapoona kila mmoja ana haki yake. Halafu mwanaume anayempiga mwenzake tusiite mapenzi mazito, huyo mpeleke kituoni tuendelee na hadithi.

Wakishaachana usikimbilie kumpeleka mmoja Dubai. Waache karibu! Nyumba ya kupanga Mwananyamala, vyumba vinatazamana, uani mmoja, choo kimoja, LUKU moja. Dada kodi kalipa ya miezi sita na hana hela ya kuhama. Umeme ukikata lazima akagonge kwa yule kaka kuomba mchango, na mwaka jana alikuwa anamwita baba.

"Jirani, umeme."
"Shingapi?"
"Elfu mbili."
Kampa elfu tano. "Chenji kaa nayo."
"Siitaki."

Basi, ishia hapo. Usituambie moyo wake ulipasuka vipande elfu, tushajua. Mwache aende kuingiza zile namba za tokeni akosee mara mbili. Machozi yenyewe yafiche mpaka mbali huko, mtu anayelia kila sehemu tunamzoea.

Kukata sasa. Mara mlango ukafunguliwa, ITAENDELEA, hiyo inafanya kazi mara moja, ya pili watu wanakuona tapeli. Kata baada ya mtu kuamua kitu kabla hatujaona kitamgharimu nini, kwa mfano kashaandika pingamizi kalitia kwenye mkoba, hapo ndo arosto yenyewe.

Mwisho uandike kabla hujaposti sehemu ya kwanza, la sivyo utafika ya 40 umekwama umuue mtu kwa ajali ya bodaboda, na watakutukana inboksi na watakuwa na haki. Si lazima warudiane. Ila wakae pamoja hata mara moja waongee yale waliyoyameza muda wote, hilo watu ndo wamelisubiri. Na kama unauza simulizi nzima kwa buku mbili, usikatie utamu hapohapo wanapoanza kuongea, weka ukuta wako wa malipo mapema zaidi.